Kuliandaa Gari la Kuchezea kwa Mashindano ya Sakafuni

Kisiwa cha Vamizi kipo kaskazini mwa visiwa vya Kirimba, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini. Ni kisiwa kirefu na chembamba, chenye urefu wa kilometa zipatazo 12, na mchanga wake ni mweupe na laini. Wenyeji wa pwani hiyo husema Kimwani, lugha iliyo jamaa ya karibu ya Kiswahili, na riziki yao kubwa hutoka baharini. Mtoto aliyezaliwa mahali kama hapo hulijua tanga kabla ya kulijua gari.

Hata hivyo, gari la kuchezea halingoji barabara. Kutoka Cabo Delgado hadi Maputo, na kutoka Mtwara hadi Kisumu, watoto huunda magari kwa waya, makopo na nyayo za ndala zilizokatika, kisha huyasukuma kwa fimbo ndefu yenye usukani juu yake. Mchanga wa ufukoni humeza gurudumu jembamba, na majira ya mvua, ambayo huko huanza yapata Desemba na kuendelea hadi Aprili, huwafungia watoto ndani. Ndipo baraza ya saruji, ukumbi wa shule au chumba kilichoondolewa mikeka hugeuka kuwa uwanja wa mashindano.

Mashindano ya sakafuni yana taratibu zake. Gari lililokuwa likienda vizuri njiani huweza kuteleza, kuyumba au kupinduka likifika kwenye saruji laini. Sababu yake aghalabu si uhafifu wa gari wala uzembe wa mchezaji, bali ni matayarisho yaliyopuuzwa. Mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka kumsaidia mtoto hana haja ya fedha nyingi. Anahitaji uvumilivu, rula, kipande cha chaki na muda wa jioni mbili au tatu.

NDUGU WAWILI

Katika maduka ya mijini yapo magari yanayoongozwa kwa redio. Mchezaji hushika kisanduku mkononi, na amri zake hupita hewani hadi kwenye gari. Ufundi huo ni wa zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu mjini New York chombo kidogo cha majini kilichoongozwa kwa mawimbi ya redio, na mwaka huo huo akapewa hataza ya uvumbuzi wake. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo ilianza kwa biashara ya mbao, ilitoa gari lake la kwanza la redio, mfano wa Porsche 934. Tangu hapo mchezo huo umeenea, na leo katika nchi nyingi vijana na watu wazima hushindana ndani ya kumbi zilizotandikwa zulia.

Gari la waya ni ndugu maskini wa gari hilo, lakini ni ndugu wa damu. Nalo huongozwa kwa mbali. Mchezaji husimama nyuma, akashika usukani ulio kwenye ncha ya fimbo, na mzunguko wa mkono wake hushuka kwa fimbo hadi kwenye ekseli ya mbele. Mahali pa redio pana waya, na mahali pa mota pana miguu ya mtoto. Mengine yote ni mamoja. Gari la redio na gari la waya hushindwa kwa sababu zile zile nne: ekseli zisizo sambamba, magurudumu yasiyofaa sakafu, uzito uliokaa pabaya, na usukani uliolegea.

EKSELI ZIWE SAMBAMBA

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba gari linakwenda moja kwa moja. Chora kwa chaki mstari mnyoofu wa meta 4 sakafuni. Weka gari mwanzoni mwa mstari, usukani ukiwa katikati, kisha lisukume polepole na kuliachia. Rudia mara tatu. Likienda upande ule ule mara zote, kosa limo garini. Likienda mara kulia mara kushoto, kosa limo katika usukani au katika mkono.

Gari linalovuta kushoto lipimwe kwa rula. Pima umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto na upande wa kulia. Vipimo hivyo viwili havina budi kulingana. Ukiona kushoto ni sentimeta 17 na kulia ni sentimeta 18, basi umeipata sababu: ekseli zinakaribiana upande wa kushoto, na gari litaelekea huko daima. Nyoosha waya unaoshika ekseli hadi vipimo viwe sawa. Tofauti ya nusu sentimeta ni ndogo machoni, lakini ni kubwa mwishoni mwa meta 4.

Mwenye gari la redio hufanya kazi hiyo hiyo kwa skrubu ndogo. Kwanza huhakikisha kwamba magurudumu ya mbele yananyooka usukani ukiwa katikati, ndipo hutumia kirekebishi kilichopo kwenye kisanduku chake. Wengi hukosea kwa kuanza na kirekebishi. Kufanya hivyo ni kuficha kosa badala ya kuliondoa, na gari hubaki likikata kona vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili.

MAGURUDUMU

Kila mtoto hutamani magurudumu yanayong'aa, na vizibo vya soda hupendeza macho. Lakini kizibo juu ya saruji laini huteleza kama mtu aliyevaa soksi. Uwayo wa ndala ni bora zaidi. Kata miduara minne kwa kutumia kopo au kifuniko kama kipimo, ili yote iwe sawa, kisha isugue ukingoni kwa msasa hadi iwe mviringo kamili. Gurudumu lisilo mviringo hurusharusha gari, na gari linaloruka haligusi sakafu, nalo lisipogusa sakafu haliongozeki.

Tundu la katikati lazima liwe katikati hasa. Njia rahisi ni kuchora miduara hiyo juu ya karatasi, kuikata, kuikunja mara mbili, na kutoboa pale mikunjo inapokutana. Karatasi hiyo huwekwa juu ya uwayo kuonyesha mahali pa tundu.

Magurudumu yasikazwe kwenye ekseli. Kila moja lizunguke peke yake, likizuiwa na kikunjo cha waya au kipande cha mpira lisichomoke. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Katika kona, gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani. Ikiwa magurudumu mawili yameachana kwa sentimeta 10, gari likizunguka nusu duara gurudumu la nje hutembea karibu sentimeta 31 zaidi ya mwenzake. Yakiwa yamekazwa pamoja, moja halina budi kuburuzwa, na gari hukataa kona. Magari makubwa ya barabarani yana difrensha kwa ajili ya tatizo hilo hilo, na magari ya redio ya mashindano yanayo pia, ila ni ndogo kama kizibo.

Kabla ya kila mzunguko, magurudumu yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vumbi jembamba la sakafuni ndilo adui mkubwa wa mshiko. Sakafu yenyewe ifagiliwe, kisha ipigwe deki na kuachwa ikauke kabisa.

UZITO UKAE CHINI

Magurudumu yakishika vizuri, kosa jipya hutokea: gari hupinduka kwenye kona. Jambo hilo huwashangaza wengi, kwa kuwa hudhani mshiko ni neema tupu. Gari lenye magurudumu ya kuteleza halipinduki, huteleza tu. Lile linaloshika sana, ilhali limejengwa juu kama lori la mizigo, magurudumu yake husimama na kiwiliwili chake huendelea na safari.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kulishusha gari. Kwenye sakafu iliyo sawa hakuna mawe wala mashimo, hivyo tumbo la gari laweza kukaa karibu sana na ardhi. Magari ya redio yanayoshindana kwenye zulia huachiwa nafasi ya milimeta 5 hivi tu chini yake. Gari la waya laweza kuachiwa sentimeta 1. Ya pili ni kuongeza uzito chini, wala si juu. Donge la udongo mkavu lililofungwa katika kitambaa, au jiwe bapa lililofungwa sakafuni mwa gari kwa mpira wa tyubu, hutosha.

Mahali pa uzito pachaguliwe kwa majaribio. Ukisogezwa mbele, gari hutii usukani haraka, lakini mkia huweza kurukia nje. Ukisogezwa nyuma, gari hutulia, lakini hukawia kuingia konani. Anza katikati, kisha sogeza sentimeta 1 kila mara, na andika matokeo. Wenye magari ya redio hufanya vivyo hivyo kwa vipande vya risasi na kwa mahali pa betri. Kadhalika, ni kanuni njema kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili magurudumu, uzito na usukani kwa pamoja hatajua kamwe ni kipi kilichomsaidia.

USUKANI

Ekseli ya mbele ya gari la waya huzunguka juu ya pini moja ya katikati. Pini hiyo ikiwa na nafasi, ekseli hutikisika, na mtoto huhangaika kusahihisha kile ambacho hakukiamuru. Zungushia pini kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ili ekseli igeuke kwa ugumu kidogo bila kukwama.

Fimbo ya usukani iwe na urefu wa kumfikia mtoto kiunoni anaposimama wima. Fimbo fupi humwinamisha, na mtoto aliyeinama haoni kona inayofuata. Usukani wenyewe uwe mpana kiasi cha kushikwa kwa mikono miwili. Usukani mdogo hugeuka kwa haraka mno, na gari huyumba. Ndiyo maana hata madereva wapya wa magari ya redio hushauriwa kupunguza wepesi wa usukani kwenye kisanduku chao hadi mkono uzoee.

BETRI NA HATARI NYINGINE

Mwenye gari la redio ana wajibu mmoja ambao mwenye gari la waya hana, nao ni betri. Magari mengi ya kisasa hutumia betri za lithiamu. Seli moja ya betri hizo ikijaa hufikia volti 4.2, wala isizidishwe. Betri hiyo ichajiwe kwa chaja yake maalumu, juu ya kigae au saruji, mbali na mapazia na mikeka, na mtu mzima awepo hadi mwisho. Iliyovimba au kutobolewa isitumike tena, hata kama bado inalisukuma gari. Kuiacha ikichaji usiku watu wakiwa wamelala ni kuihatarisha nyumba nzima kwa ajili ya mchezo.

Gari la makopo nalo lina meno. Kingo za bati hukata vibaya. Kila ukingo ukunjwe kwa koleo na kusuguliwa kwa tupa kabla mtoto hajaushika, na jeraha lolote lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni na kupelekwa zahanati, kwani pepopunda haina huruma.

Katika sehemu zilizopitiwa na vita lipo onyo kubwa kuliko hayo. Watoto watafutao waya na vyuma huokota wasivyovijua. Msumbiji ilitangazwa kuwa haina mabomu ya ardhini mwaka 2015, baada ya kazi ya miaka mingi, lakini mapigano yaliyoanza Cabo Delgado mwezi wa Oktoba mwaka 2017 yameleta hatari mpya. Mtoto afundishwe kwamba chuma asichokitambua hakiguswi, hakipigwi teke, wala hakirushiwi jiwe. Aondoke kwa njia ile ile aliyojia, amwarifu mtu mzima. Waya wa gari utoke nyumbani, kwa fundi baiskeli au kwa fundi seremala, wala si vichakani.

UWANJA NA KANUNI

Chumba cha meta 5 kwa meta 3 chatosha. Kingo za uwanja zaweza kufanywa kwa kamba nene, kanga kuukuu zilizoviringishwa, au mpira wa maji uliojazwa mchanga. Vitu laini hulinda magari na vifundo vya miguu. Kona nne zisiwe sawa: moja iwe ya ghafla, moja ndefu, na mbili zifuatane kushoto na kulia, ili uwanja upime utulivu wa gari na si mbio peke yake.

Kwa kuwa nafasi ni ndogo, ni afadhali kila mchezaji akimbie peke yake na kupimiwa muda kwa saa. Kila mmoja apewe mizunguko mitatu, na muda wa yote mitatu ujumlishwe. Anayegusa ukingo aongezewe sekunde 2. Utaratibu huo hufundisha jambo kubwa. Tuseme mchezaji wa kwanza ametumia sekunde 21, kisha 34 kwa sababu alipinduka, kisha 22. Jumla yake ni 77. Wa pili ametumia 25, 24 na 25. Jumla ni 74. Wa kwanza alikuwa mwepesi mara mbili kati ya tatu, lakini mshindi ni wa pili. Mwenda pole hajikwai.

Wasichana wasiachwe kando kuwa watazamaji. Kupima kwa rula, kukata mviringo na kusikiliza gari linalokwaruza ni kazi za macho na vidole, na hazina cha mvulana wala cha msichana. Mwalimu wa hesabu atakuta hapo somo la duara, wastani na sambamba, lililo rahisi kushikika kuliko ubao mweusi.

MTOTO ALIYEHAMA

Mwaka 2019, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado na kubomoa nyumba nyingi. Mwezi wa Septemba mwaka 2020 watu wenye silaha waliingia Vamizi, wakachoma nyumba na kuwaamuru wenyeji waondoke. Mwezi uliofuata, maelfu ya watu kutoka sehemu za kaskazini za jimbo walitua kwa mashua katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba, wengi wakiwa na vile tu walivyoweza kubeba. Mwezi wa Machi mwaka 2021 mji wa Palma nao ulishambuliwa, na katika mwaka huo idadi ya waliohama makwao jimboni ilipita laki saba.

Mzazi aliye katika hali hiyo hana nafasi ya kufikiri juu ya magari ya kuchezea. Anafikiri juu ya unga, maji, turubai na nduguze ambao hajapata habari zao. Mtoto wake huonekana amekaa kimya, na ukimya huo huchukuliwa kuwa ni utulivu. Lakini wahudumu wa watoto katika sehemu za maafa hawaachi kusisitiza kwamba mchezo si anasa kwa mtoto aliyeona mambo mazito. Ni katika mchezo ndipo hurudiwa na hisia kwamba lipo jambo moja duniani linalomtii.

Hapo ndipo gari la waya lilipo bora kuliko nduguye wa redio. Gari la redio likiachwa kisiwani limepotea, na hata likiokolewa, betri yake itaisha pasipo na umeme. Gari la waya likiachwa limepotea pia, ila lililolijenga halikuachwa. Mtoto anayejua kwa nini gari huvuta kushoto, kwa nini gurudumu lisikazwe kwenye ekseli, na kwa nini uzito ukae chini, atalijenga jingine kwa kopo la samaki na ndala moja iliyokatika, popote atakapolala.

Kwa hiyo mzazi asimfanyie mtoto kazi yote. Amshikie koleo pale bati lilipo gumu, amkunjie kingo, amtafutie waya, kisha amwachie kupima na kukosea. Gari likivuta kushoto asiseme, "Lete nikurekebishie." Ampe rula na kumwuliza ni upande gani uliopungua. Jibu atakalolipata mwenyewe, akiwa amepiga magoti juu ya sakafu ya ugenini na chaki mkononi, halitachomwa moto wala kuachwa nyuma.